Chungu cha Kuku Kwenye Matanga ya Mama

Jamani, leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima. Hata nguo za kupokelea wageni sijavua, nawaandikia nikiwa nyuma ya banda la kuku.

Mnajua mama alituacha. Kuku wake hapa Ngagara wakaanza kuhara, wakaisha mmoja mmoja. Wamebaki watatu. (Ndiyo, huwa naongea nao. Niacheni.) Veterineri, daktari wa mifugo, akanishauri niwape mtama uliochachushwa, kitunguu saumu na unga wa vijidudu vizuri: matumbo yakipata nguvu, kuku atajipigania mwenyewe. Nikachachusha. Kwenye chungu gani? Kile mama alichokuwa akitengenezea impeke, pombe yetu ya mtama. Mimi na akili zangu.

Leo tulikuwa tunaondoa matanga. Impeke ya wageni ilikuwa kwenye bidoni, lile dumu la plastiki, chumbani. Nikatoka kuwapokea watu. Kurudi, shangazi amekiona chungu cha marehemu jikoni, akadhani ndiyo impeke, amekibeba hadi katikati ya ua, na mirija imeshatiwa ndani!

Baba mkubwa alikuwa akihutubia, anamsifu mama, watu wanalia. Ningemkatizaje? Akanigeukia nionje, maana kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, wageni wajue hakuna sumu.

Nikanywa. (Kitunguu saumu kikanitokea puani.) Nikaitikia kwa kichwa kwamba ni safi.

Wazee wakainamia mirija. Baba mkubwa akafumba macho. "Iko na mukono ya mama yako kabisa."

Nikalia. Wakadhani ni uchungu wa kufiwa. Na huo ulikuwepo.

Ndipo tetea mwekundu, kipenzi cha mama, ambaye tangu juzi alikataa kula, akapenya kati ya miguu ya wazee, akarukia ukingo wa chungu na kunywa pamoja nao. Shangazi akamfukuza. Akarudi na wenzake. Ikabidi niseme yote, mbele ya wakwe na wanakwaya.

Baba mkubwa akautazama mrija wake. "Hiyo dawa, inasaidia na tumbo ya muzee?"

Ua mzima ukacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kisha akakisukuma chungu upande wa kuku.

"Muache wakunywe. Na wao wamefiwa."

Bidoni ikaletwa, kila mtu akainusa kwanza.

Basi nawaomba, msinicheke. Mwenye haki ya kunicheka ndiye tuliyemwondolea matanga leo, na angecheka mpaka akae chini.