Kuhusu Neno "Kina" Mlilomwandikia Mwanangu Lemuel

Shiloh Mpya, Mississippi
Jumatatu, wiki ya mechi ya kwanza

Ndugu Mhariri wa Michezo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na mkeo na wale watoto wako wawili ninaowaonyesha viti kanisani kila Jumapili. Mimi ni yule mama wa glavu nyeupe mlangoni. Hatujawahi kukosana na sitaki tuanze leo, ndiyo maana nimeandika badala ya kuja ofisini kwako.

Nimesoma toleo lenu maalumu juu ya msimu ujao wa mpira wa Kimarekani wa Chuo cha Pinckney. Kurasa nane. Darius Stovall, mzuiaji wa kushoto, yule anayesimama mbele ya mrushaji wetu ili asikanyagwe, amepewa nusu ukurasa, picha, na habari za mbwa wake. Mwanangu Lemuel, ambaye ni akiba ya Stovall, ameandikwa hivi: "Nyuma yake yupo Lemuel Tarpley, anayeongeza kina katika mstari." Maneno tisa, na mawili kati ya hayo ni jina lake mwenyewe.

Huu ni msimu wake wa tano na wa mwisho. Mwezi Novemba atavua ile jezi arudi nyumbani kutengeneza viyoyozi na baba yake, na mimi sitakuwa nimemwona akicheza mechi hata moja ya maana. Inaniuma, Mhariri. Kwa hiyo nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba, ili hasira isije ikayavuruga.

1. Hili neno kina. Nina miaka hamsini na minane, na vitu ninavyojua hupimwa kina ni vitatu: mto, kisima na kaburi. Vyote vitatu, kitu kikiingia hakionekani tena. Kama ulikuwa na maana nyingine, naomba uieleze Jumapili ijayo kwa maneno yasiyopungua mia mbili. Mwanangu ana paundi mia tatu na nane. Nimemjaza mwenyewe kwa mayai kumi na mawili kila asubuhi ya likizo, mkate wa mahindi na kambare wa kukaanga, kwa sababu kocha aliniambia uso kwa uso, "Mama, huyu mnenepeshe, tutamhitaji." Nimemnenepesha. Wamemhitaji lini?

2. Takwimu. Gazeti lako liliandika kwamba msimu uliopita Stovall alipitwa mara kumi na moja, na mara zote hizo mrushaji wetu akaangushwa chali. Nimechunguza matoleo yako ya misimu minne. Hakuna hata mtu mmoja aliyempita Lemuel. Hata mmoja. Wapo waliojaribu kunieleza kwa nini, lakini takwimu ni takwimu, na naomba mzichapishe.

3. Kipaza sauti. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mzuiaji hatajwi jina uwanjani mpaka akosee. Mwaka wake wa pili, tukiwa tumewazidi wapinzani pointi arobaini na zimebaki dakika tatu, Lemuel aliingizwa. Refa akatangaza: "Namba sabini na nne, kushika." Mimi na mume wangu Hosea tukasimama tukapiga makofi. Bwana mmoja aliyekaa mbele yetu akageuka akasema, "Mama, hiyo ni adhabu." Nikamjibu, "Hata adhabu ina mwenyewe, baba. Geuka mbele." Najua ni adhabu. Lakini katika miaka minne hiyo ndiyo siku pekee uwanja mzima uliambiwa kwamba mwanangu yupo. Naomba kuanzia sasa atangazwe pia kila robo ya mchezo anayoimaliza benchini bila kosa.

4. Kanisani kwetu, kama unavyojua, Jumapili ya kwanza huimba kwaya ya wazee, ya pili vijana, ya tatu wanaume, na ya nne tunawapa watoto, ambao hawajui hata kibwagizo, na Bwana anazipokea zote. Sijaelewa kwa nini Kocha Mabry ashindwe kugawa Jumamosi zake vivyo hivyo. Nilimfuata nikamwambia. Akacheka, akasema, "Dada Ozella, Bwana hahesabu pointi." Nikamwambia aulize Misri walihesabiwa mapigo mangapi.

5. Vernell Stovall. Huyu ni mama yake Darius na tunakaa safu moja uwanjani, kwa bahati yangu mbaya. Lemuel akitoka uwanjani na jezi nyeupe kama ilivyotoka kabatini, Vernell hunigusa bega na kusema, "Angalau wako hamsumbui mfua nguo." Hayo nimemsamehe, kwa kuwa Jumapili huwa namkalisha nyuma ya nguzo. Ninachoshindwa kusamehe ni hiki: kila timu yetu ikishika mpira, wakati ambao mwanawe ndiye yuko kazini, yeye husimama na kwenda kupanga foleni ya karanga za kuchemsha. Kila mara, tangu mwaka wa kwanza. Kisha hurudi mikono mitupu, eti foleni ilikuwa ndefu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Angekuwa Lemuel mle ndani, mimi nisingepepesa jicho mpaka Krismasi.

6. Kwa kuwa Novemba haiko mbali, napendekeza Stovall apate mafua. Sijamwombea mabaya, andika hivyo kama utaandika. Nimeomba mafua tu, ya wiki moja, yasiyo na homa. Hosea anasema hilo si ombi la mtu anayeshika sahani ya sadaka. Hosea naye, nikimwuliza anafurahia nini uwanjani, husema anapenda tarumbeta za bendi.

7. Mafua yakishindikana, basi gazeti lako liandike kwa chuo pinzani, kwa heshima zote, na kuwaomba walete akiba wao wacheze na akiba wetu. Kule nako kuna kina mama.

Usidhani kijana ndiye amenituma. Yeye nikimlalamikia husema tu, "Mama, mi niko poa. Kazi yangu ni kukaa tayari." Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Huyu amevumilia miaka minne, na mbivu zote kazila Stovall na mbwa wake.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mpigapicha wenu pia, mwambie sina kinyongo ingawa katika picha ya timu nzima mwanangu ametokea kiwiko tu. Mkeo mwambie kofia yake ya Jumapili iliyopita ilipendeza.

Wako katika imani na subira inayoelekea ukingoni,
Bi. Ozella Tarpley
Kiongozi wa Wahudumu wa Mlangoni

Tanbihi, Jumatano jioni: Tafadhali usiichapishe barua hii. Nilikuwa bado natafuta stempu Kocha Mabry alipopiga simu. Stovall ameteguka kifundo cha mguu mazoezini, na Jumamosi Lemuel ndiye anayeanza. Hosea alipiga kelele za furaha mpaka majirani wakatoka nje. Mimi nilikaa chini. Halafu nikafungua gazeti lako ukurasa wa saba, mlipomwandika yule wa upande wa pili atakayepambana na mwanangu: paundi mia tatu thelathini, na mwaka jana wazuiaji watatu walitolewa uwanjani kwa machela kwa sababu yake. Habari kama hiyo mngeiweka ukurasa wa kwanza.

Namba moja hadi saba nimezifuta. Kina ni neno zuri, liacheni kama lilivyo. Leo nimempelekea Darius pai mbili za viazi vitamu nikamwambia ale apone kabla ya Ijumaa. Akacheka, maskini, akasema daktari amempa wiki tatu. Mama yake akanisindikiza hadi barazani. Nilijiandaa kwa maneno yake, maana najua ninachostahili. Vernell akanishika mkono, akasema:

"Dada Ozella, Jumamosi wangu hachezi, lakini nitakuja. Wetu wakishika mpira, wewe nifuate kule kwenye foleni ya karanga, nitakuwekea nafasi. Miaka yote hii nasimama pale, sijawahi kununua hata punje."