Bata wa Kumi na Nne

25 Desemba, Jumatano

Nimemkata bata mzinga kwa msumeno. Wa kukatia mbao, ule wa kibandani. Hakuenea kwenye oveni. Nilimsukuma kwa goti, akagoma.

Kosa ni la daftari. Marehemu Beryl wangu aliandika kila kitu kwenye daftari la jikoni, na ukurasa wa Krismasi unasema: "Bata: 14." Miaka arobaini aliagiza 14, na bata akatutosha sisi, mama yake na wageni. Hii ni Krismasi yangu ya kwanza bila yeye. Nikajaza fomu ya bucha: 14. Sikuwa na namba nyingine. Ningejuaje kwamba Beryl alihesabu kwa ratili, na fomu za siku hizi zinahesabu kwa kilo? Kilo 14! Nimepiga hesabu mara mbili. Ni ratili 31. Kwa mtu mmoja mwenye meno ya bandia!

Binti yangu Hilary alipiga simu kutoka kwa wakwe zake. Atakuja tarehe mosi na karatasi za yale makazi ya wazee huko Leeds. Eti anataka tu kuona ninavyoishi. Najua atakachofanya: atafungua friji. Kalirithi hilo kwa mama yake, aliyeamini kwamba mtu hujulikana kwa friji yake. Akikuta nusu bata humo ndani, nimekwisha. Nitahamishiwa Leeds, chumba chenye kamba ya kengele chooni, ya kumwitia muuguzi.

Nina siku saba. Bata aishe, na mtu asijue.

26 Desemba, Alhamisi. Boksing Dei

Daftari tena. Maagizo ya Beryl kuhusu masalio: "Siku ya kwanza, baridi na achari. Ya pili, kari. Ya tatu, supu. Ya nne, pai yenye kitunguu liki. Ya tano, nyamaza tu, wawekee kwenye mkate."

Nimekula baridi na achari asubuhi, mchana na jioni. Bata hana habari kwamba ameguswa.

Nimeosha ule mfupa wa panda wa kidarini na kuuweka dirishani ukauke, kama alivyofanya Beryl. Tuliuvuta kila Mwaka Mpya, kila mmoja kwa kidole cha mwisho. Anayebaki na kipande kirefu huomba jambo moyoni, na halisemi, maana likisemwa halitimii. Beryl alishinda karibu kila mwaka. Sikuwahi kujua aliomba nini. Nimeuweka kwa mazoea tu. Wa kuuvuta naye sina.

Clive Sugden, jirani yangu, alichungulia juu ya ukuta. Naye ni mgane, ila mgane wa mfano: kila kibakuli kwenye friji yake kina kibandiko cha tarehe. Hilary alimpa namba yake ya simu iwapo kutatokea dharura, na kwa Clive hata chupa ya maziwa ikianguka ni dharura. Akauliza bata wangu alikuwaje. Nikamwambia mdogo tu, kama njiwa. Akasema yeye alichoma kuku mmoja, kamaliza jana ile ile, na mifupa keshachemsha supu. Simpendi.

27 Desemba, Ijumaa

Kari! Chungu kizima. Nikakipeleka kanisani, kwenye chakula cha mchana cha wazee anachosimamia Bi Thwaite. Mpango safi kabisa: naacha chungu, natoweka.

Kumbe mji wetu mzima wa Otley una daftari lile lile. Mezani palikuwa na vyungu vinne vya kari ya bata mzinga, na cha tano ni changu. Bi Thwaite akanishika mkono kabla sijatoweka. "Kaa, mzee wangu, kaa ule. Usione haya, hapa wote ni nyumbani." Mzee wake! Yeye ana themanini na moja, mimi sabini na tano! Akanipakulia mara mbili. Nilipoinuka akanifungia vibakuli vitatu vya kwenda navyo, maana mtu anayeishi peke yake hapiki.

Nilikwenda na chungu kimoja. Nimerudi na chungu changu, hakijaguswa, na vibakuli vitatu.

29 Desemba, Jumapili

Jana nilipika supu. Mengi sisemi. Bomba la sinki limeziba.

Leo pai. Nilioka kumi na moja, usiku ule ule wa jana hadi mgongo ukakataa, na alfajiri nikaziacha kwenye milango ya mtaa mzima bila jina. Tendo jema la siri! Saa nne asubuhi Clive alikuwa amebandika tangazo kwenye nguzo ya taa: kuna mtu asiyejulikana anaacha pai milangoni, watu wasile.

Akaja mwenyewe kunionya, pai yangu mkononi, kipande kimeshamegwa. Nikamuuliza, kwa nini ameila basi? Akasema ilibidi mtu achunguze. Nikauliza, kama mtu asiyehusika, ikoje. Akasema kazi ya mwanafunzi: unga mgumu, pilipili manga imezidi. Kisha akaitazama ile pai. "Ya Beryl ilikuwa laini, Leonard. Alikuwa akiniletea kila tarehe ishirini na tisa, tangu Joan wangu alipofariki. Leo nilipofungua mlango nikadhani..." Akaenda zake.

Nilikuwa sijui. Miaka sita pai inapita juu ya ukuta wangu mwenyewe na mimi nadhani naila yote. Nimekaa kwenye ngazi muda mrefu. Nimemkumbuka Beryl. Nikapunguza pilipili, nikaoka ya kumi na mbili, ya Clive. Kisha nikaila mwenyewe, kwa sababu Clive ni Clive.

31 Desemba, Jumanne

Ushindi! Yule mama mwenye mbwa wanane, njia ya mtoni, amechukua nyama yote iliyobaki, imechambuliwa mifupa. Kari nimeimwaga. Mifupa imeondoka na gari la taka.

Nimesugua friji kwa magadi mpaka inang'aa. Ndani kuna limau moja na kopo la haradali. Hiyo ndiyo friji ya mtu anayejimudu. Clive na vibandiko vyake atajiju.

Nilipokuwa nasugua niligundua jambo. Tangu Machi, tulipomzika, hii ni wiki ya kwanza nimeamka kila siku nikiwa na la kufanya. Sasa jikoni kumetulia mno. Karibu nimkumbuke bata.

1 Januari, Jumatano

Hilary alifika saa tano. Hata koti hakuvua. Alifungua friji.

Akasimama pale. Mimi nasubiri pongezi. Alipogeuka, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Baba, unakula nini?"

Nikamwambia nimekula sana, nimekula bata mzinga wiki nzima, nimemla mpaka nimemchukia. Akaniuliza yuko wapi basi. Nikasema ameisha. Alikuwa mkubwa? Mkubwa mno! Akanitazama kama mtu anayemsikiliza mgonjwa, na mkono wake ukaenda kwenye mkoba, kwenye zile karatasi. Nikaona Leeds. Nikaona kamba ya kengele.

Shahidi! Nikamwita Clive juu ya ukuta, aseme alichokijua. Akaja mbio, akiwa na hamu ya kunisaidia, na akaapa mbele ya binti yangu kwamba bata wangu alikuwa kama njiwa, nilimwambia mwenyewe. Akaongeza, kwa upole wake ule mbaya, kwamba Ijumaa Bi Thwaite alinilisha kanisani. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye meza ya jikoni. Hilary akatoa karatasi.

Akaenda dirishani kutafuta kalamu kwenye kikombe cha Beryl. Akasimama. Akaokota mfupa wa panda. Ulikuwa mrefu kuliko kiganja chake.

"Baba. Huyu bata alikuwa ngapi?"

"Kumi na nne. Kama siku zote."

"Kumi na nne nini?"

Akafungua daftari la mama yake, akaona namba, akaona kilichotokea. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na koti lake, na Clive naye akacheka, halafu Hilary akalia tena, kilio cha namna nyingine. Akasema hakuna mtu anayeandika mwandiko kama wa Mama. Nikasema hakuna.

Tukauvuta mfupa, vidole vya mwisho. Ukakatika kwa mlio mkali. Kipande kirefu kilibaki kwangu! Nimeomba jambo, na siliandiki hata humu.

Hilary akakunja karatasi, akazirudisha mkobani. Akasema mwaka huu Krismasi ni hapa, yeye, mumewe na watoto wawili. Clive akaulizwa kama atakuja. Akajibu ataleta vibandiko.

2 Januari, Alhamisi

Nimetoka buchani. Walisema orodha ya Krismasi haifunguliwi kabla ya Oktoba. Nikakaa kwenye kiti mpaka wakaifungua.

Sirudii kosa. Mtu mzima hujifunza. Safari hii nimeandika kwa herufi kubwa: RATILI, SI KILO. Na namba sikubahatisha. Nilirudi kwenye shajara hii, ukurasa wa Krismasi, nikatafuta ilipoandikwa kwa ratili, nikainakili vilevile: 31.

Mwenye bucha akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nilipiga hesabu mara mbili.