Maandazi Yasiyo na Sukari

Jumanne, 10 Juni 2025

Msiba. Mkuu wa gereza katupanga uwanjani asubuhi, baridi ya Iringa inakata masikio, akatangaza: kuanzia leo sigara marufuku, ndani na nje. Akauliza kama kuna mwenye maoni. Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikanyoosha mkono.

Nilisema vizuri, lazima niandike. Nilisema hakimu alinifunga kwa kuuza mbolea niliyochanganya na majivu, mapafu yangu hayakuwa mshtakiwa. Wamechukua nguo zangu, nywele zangu, mke wangu yuko mbali. Basi waniachie moshi. Watu wakapiga makofi.

Ndipo akasimama Alawi. Muuza vitenge wa soko la Mwanjelwa, ana pumu, analala ubavuni kwangu. Akasema kwa ule upole wake unaoudhi: Dastan akichoka na sigara anatupa kipisi. Yeye akichoka na moshi wa Dastan autupe wapi, na mlango umefungwa kwa nje? Hata nyapara wetu, mvutaji mkubwa, akatikisa kichwa kukubali. Nimeudhika, hasa kwa kuwa alisema kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya tatu bila sigara. Jana nimemfokea mtu kwa sababu ya kijiko. Alawi analala fofofo, hakohoi hata kidogo. Ananikera.

Ila nina mpango. Mwenzetu Jailos kamaliza kifungo leo, kwao Ilula kama mimi. Nimemwelekeza akaange maandazi, mengine ayatie tumbaku katikati, Jumamosi aniletee. Mgeni hapa lazima aonje chakula mbele ya askari, hilo nalijua, mimi si mtoto. Yaliyonyunyiziwa sukari ni salama. Yasiyo na sukari ndiyo yenye mzigo. Aonje la sukari, basi. Hapo hata mlevi hawezi kukosea.

Hatari ipo, sikatai. Natoka tarehe 25 kwa punguzo la kifungo. Nikikamatwa linafutwa, nakaa humu mpaka mwakani. Na tarehe 29 binti yangu Eveline anapata kipaimara. Nimemwahidi nitasimama naye. Lakini nani atakamatwa?

Jumamosi, 14 Juni

Nusura niishe.

Jailos kaogopa geti. Maandazi kayapeleka kwa familia yangu, akasema ni zawadi, nipelekewe. Hakueleza kingine, mjinga yule. Na mke wangu Lusia haachi meza yake ya nyanya barabarani Jumamosi, siku ya wasafiri wengi. Sasa nani kaingia na kikapu? Mama mkwe. Mama Faustina mwenyewe, kajifunga kitenge cha kanisani.

Nikainamisha macho kwa heshima. Nikamwamkia: kamwene. Tukajuliana hali. Askari akamwambia aonje. Mkono wake ukaenda kwenye la sukari, nikaanza kupumua. Halafu ukarudi. Akamweleza askari kuwa ana kisukari, daktari kamkataza, ataonja lile kavu.

Ningesema nini? Mama mkwe huwezi kumwambia asile.

Akauma. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Kisha akanitazama usoni, yeye ambaye tangu nimuoe mwanawe hajawahi, na nikajua amejua. Askari akauliza kuna nini. Machozi yalikuwa yanamtoka mama wa watu. Akameza. Akasema hakuna kitu, baba, limeungua kidogo.

Askari akakikodolea macho kikapu. Mama akakifunika, akasema maandazi haya hayafai kumpa mtu, anarudi nayo. Alipokuwa anaondoka aliniambia jambo moja tu, taratibu: gauni la Eveline limeshashonwa.

Jumatatu, 16 Juni

Habari zimenifikia. Mama alitapika njia nzima hadi Ilula, na bado kalala. Nimeona aibu kweli. Nikamsimulia Alawi yote nikitegemea atanihurumia. Akauliza tu kama mama anaendelea vizuri.

Jumapili, 29 Juni

Niko nje. Nimesimama kanisani ubavuni kwa Eveline, gauni jeupe, nikalia mbele za watu. Mama mkwe alikaa nyuma yetu. Kumbe hajamwambia mtu yeyote, hata Lusia.

Lusia alihamia kwa mama yake nilipofungwa, kwa hiyo na mimi sasa naishi kwa mkwe. Baada ya pilau mama mkwe akaniita pembeni. Akasema kwake hapa sigara marufuku, ndani na nje. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba mimi sasa ni mtu huru. Akasema sawa, baba Eveline, lakini mtoto analala chumba cha pili na usiku tunafunga milango. Moshi wako autupe wapi? Na huyu mama hajawahi kumwona Alawi.

Jioni nimekaa nikatafakari sana. Nimeona kosa langu lilikuwa wapi, na sirudii. Jailos anapita Jumanne na maandazi. Nimemwambia safari hii tumbaku aitie kwenye yale ya sukari.