Taa ya Mezani na Mayai ya Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Chiriku ametaga kwenye chungu cha maua kinachoning'inia nje ya dirisha langu. Mayai mawili. Ametaga, akaenda zake. Mama gani huyu?

Nikalalamika wakati wa chakula. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu mstaafu wa baiolojia na mbishi kuliko wote niliowahi kuwalisha, akasema ndege ana akili kunishinda. Hutaga moja kila asubuhi na haatamii mpaka yatimie. Bila joto lake kiinitete kinalala tu. Akianza kuyaatamia yote pamoja, yataanguliwa pamoja.

Nikamwambia huo ni uvivu uliovishwa koti la sayansi. Joto ni joto, yai haliulizi limetoka wapi. Mimi ningeyaangua mapema, na bila madhara. Tukawekeana dau: atakayeshindwa atanyamaza mezani mwezi mzima. Mke wangu akaomba tushindwe wote wawili.

Jumanne, 4 Machi

Yai la tatu. Mama kaondoka tena. Nimeiinamisha taa yangu ya mezani juu ya kiota, upande wa yale mawili ya kwanza. Nimesoma mahali kwamba kifaranga husikia angali ndani ya ganda, basi nikayasomea makala yangu ya gazetini dhidi ya wasomi wavivu. Hakuna aliyenikatiza. Hadhira bora kuliko zote.

Alhamisi, 6 Machi

Mayai manne, na mama sasa ameatamia. Mke wangu amegundua taa. Ameichomoa, ameificha, na kusema gombana na dunia nzima, baba, lakini hawa ni wageni wangu.

Jumatatu, 10 Machi

Mama alipokwenda kutafuta chakula, Shemeji alimulika kila yai kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyekundu, nyembamba kuliko nywele. Jicho jeusi. Na katikati kitu kidogo kikidunda. Moyo, ndani ya kitu ninachoweza kukifunika kwa kidole gumba! Nilisahau kubisha mpaka Shemeji akaniuliza kama naumwa.

Kisha akaona mawili yametangulia sana na mawili yako nyuma. Akatazama mezani kwangu.

Taa yako iko wapi, shemeji?

Nikasema kwa fundi.

Jumapili, 16 Machi

Wawili wameanguliwa. Mapema! Nikatangaza ushindi kabla ya chai. Shemeji hakubisha. Alisema tu, ngoja. Sipendi mtu asiyebisha.

Jumanne, 18 Machi

Wengine wawili wametoka leo. Wakubwa wananyoosha shingo na kupokonya kila mdudu. Wa mwisho, kipande cha uhai kisicho na unyoya, anafungua mdomo nyuma yao na hapati kitu. Ndiyo maana mama alisubiri, Shemeji akasema. Wakitoka pamoja, wanagombea wakiwa sawa.

Mke wangu alisimama dirishani, akaniuliza polepole kama yule mdogo ataishi. Mimi, niliyewahi kumjibu waziri gazetini, nikaanza kunyoosha pazia. Nikasema atakula tu. Sikuamini.

Jumamosi, 22 Machi

Anaishi! Shemeji aliburuta gogo bovu lililojaa wadudu mpaka chini ya dirisha. Mama hasafiri tena mbali, na wakubwa wakishiba, kinabaki cha mdogo. Leo ameanza kuota manyoya. Anapiga kelele kuliko wote. Bila shaka alinisikia vizuri.

Mke wangu ameamua kesi: nilisema bila madhara, na madhara kila mtu ameyaona. Nimeshindwa. Nimekubali kiungwana. Nimekula chakula cha mchana bila neno, Shemeji akitabasamu mpaka kijiko kikamdondoka.

Alasiri binti yetu amekuja na mumewe, na habari: ana mimba. Mke wangu amelia kwa furaha. Sasa binti ameketi sebuleni, amepumzisha miguu.

Dau lilitaja meza. Sebule halikuitaja. Nimeshachagua makala tatu za kuanzia kumsomea mjukuu, nimekohoa kusafisha koo, na nimemuuliza mke wangu, kwa adabu kabisa, ile taa ameificha wapi.