Kupinga Jumuiya Ambayo Bado Haijaundwa

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Jumuiya ya Makanisa ya Kibaptisti ya Kanda,
Upande wa pili wa ukuta.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na kwa kuwa salamu hiyo ni ya watu wote, usiihesabu kwamba nimeanza kuongea na wewe. Ni kweli wewe ni mdogo wangu wa tumbo moja, niliyekubeba mgongoni mpaka nikapata kibiongo, lakini leo nakuandikia kama karani wa kanisa na mshona majoho ya ubatizo. Mimi na wewe hatuongei, huu mwaka wa kumi na moja.

Kwa faida ya wanakamati wasiojua: kanisa letu liligawanyika siku nilipomimina masufuria mawili ya maji ya moto kwenye kisima cha ubatizo, ili bibi wa miaka themanini asizamishwe huku anatetemeka. Ukasimama ukasema Yordani haikupashwa moto. Jumapili iliyofuata ukasoma mimbarani habari za walio vuguvugu watakaotapikwa, macho yote kwangu. Wenzako wakahamia nusu ya pili ya jengo, tukapiga ukuta wa plaiwudi katikati, na tangu hapo mtaa mzima unatuita sisi Vuguvugu na nyinyi Baridi. Tulikuwa tumetulia. Sasa umeleta waraka unaotaka makanisa saba ya kanda hii yaungane katika jumuiya moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Waraka wenyewe ulipenyezwa chini ya plaiwudi, tena katikati ya maombi, na unatualika "tufikirie". Kanisa la Kibaptisti liko huru, halina bosi ila Kristo. Tukishaalikwa kufikiri, uhuru wetu wa kutofikiri umeingiliwa.

2. Kwaya yetu imefika ilipo kwa sababu yenu. Mkianza pambio, sisi tunaanza jingine kwa sauti ya juu zaidi, na baada ya miaka kumi na moja akina mama wa sauti ya kwanza wanaimba wakiwa wamesimama juu ya mabenchi. Mkigeuka ndugu zetu, tutamshinda nani? Halafu, Jumapili tatu sasa, sauti ya nne ya upande wenu inakatishwa na kikohozi. Kikohozi hicho nakijua tangu kikiwa cha mtoto. Kinavuruga ibada yetu. Naomba kamati imwagize mwenyewe aende hospitali, na asijitetee kwamba ni vumbi.

3. Jumuiya lazima iwe na msimamo mmoja kuhusu maji. Nyinyi mnataka baridi, sisi tunapasha kidogo, wale wa karibu na stendi wana tangi la bati linalochemka lenyewe mchana. Najua mtakachofanya: mtaunda kamati ndogo yenye kipimajoto, mtachukua wastani, na wastani utakuwa vuguvugu. Maana yake nitakuwa nimeshinda bila mtu yeyote kuniomba radhi. Ushindi wa namna hiyo siutaki.

4. Mkutano wa washirika wa Vuguvugu uliketi baada ya ibada kuujadili waraka wako. Wanaotaka kujiunga: mikono thelathini na nane. Wasiotaka: mmoja. Kama karani nilihesabu mara tatu, mara ya tatu nikiwakazia macho mmoja mmoja, wala mkono haukushuka. Mkono wa mume wangu ulikuwa juu kuliko yote. Basi nikauliza: ikiwa kanisa lina haki ya kujitenga na makanisa mengine, kwa nini mshirika asiwe na haki ya kujitenga na kanisa? Nikachukua kalamu yangu na mto wangu wa kukalia, nikatoka pale mlangoni nikiwa kanisa.

5. Usicheke. Kanisa hilo linakutana kwenye chumba changu cha kushonea, kati ya cherehani na kabati la majoho. Mkutano wa kwanza akidi ilitimia barabara. Nilitoa hoja nikiwa nimekaa, nikaiunga mkono nikiwa nimesimama. Mume wangu aliomba kupokelewa, lakini barua yake bado inachunguzwa, kwani miaka thelathini na minne ya ndoa haitoshi kumjua mtu anayepiga kura vile.

Matatizo yalianza wiki ya pili. Nilisinzia wakati wa mahubiri yangu mwenyewe. Kamati ya nidhamu, ambayo ni mimi, ikaniita, ikanisikiliza kwa haki, ikanisimamisha ushirika kwa mwezi mmoja. Tangu hapo kanisa halina mshirika hata mmoja, na wa kupiga kura ya kunirudisha hayupo. Niko nje ya kanisa ambalo ni mimi! Jumapili iliyopita nilikaa humu nikaanza wimbo, nikaimba ubeti wa kwanza, nikangoja sauti nyingine ziingie kwenye kiitikio. Hazikuingia. Inauma, Mwenyekiti. Sikujua kwamba ingeuma hivi.

6. Kwa hiyo kosa ni lako. Usingeleta waraka, wasingepiga kura. Wasingepiga kura, nisingekuwa kanisa. Nisingekuwa kanisa, nisingejifukuza. Naitaka kamati yako iivunje jumuiya hii kabla haijaundwa, iongeze plaiwudi ya pili juu ya ile ya kwanza, na ithibitishe kwa maandishi kwamba hakuna Mbaptisti atakayempenda mwenzake wa ng'ambo ya ukuta bila idhini ya theluthi mbili ya washirika.

Nisalimie mkeo na wanangu wote watatu, ambao nasikia wa mwisho wao amenipita urefu. Nisalimie mashemasi wenu, na mpiga kinanda wenu pia, ingawa anakimbiza nyimbo kama anayewahi basi. Wewe mwenyewe sikusalimu, kwa sababu nilizokwisha kueleza.

Wako katika uhuru wa kila kanisa,

Dada yako mkubwa,
Karani, Mhubiri, Kamati ya Nidhamu na Mshirika (amesimamishwa).

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimeurudia waraka wako, nikakuta kifungu cha tisa ambacho hasira ilinirukisha. Kinasema kila kanisa, hata liwe dogo namna gani, litaleta wajumbe wawili, nao watakaa benchi moja. Kamati ya nidhamu imenisamehe kwa dharura, mkutano umeketi, na hoja ya kujiunga imepita bila kupingwa. Tatizo ni mjumbe wa pili. Mume wangu amekataa, anasema yeye bado ni Vuguvugu. Kwa hiyo kanisa limekuteua wewe, na uteuzi huu hauna rufaa. Njoo Jumamosi asubuhi tupange tutakayosema. Usipige hodi, ingia tu.