Gari Ni Zima, Tuiteni Sisi Kiwandani

Duka la Ebrahim na Wanawe
(wana hawakupatikana, nilipatikana mimi),
Kalangalala, Geita.
Agosti 1978

Kwa Meneja,
Kampuni ya Magari ya Bramwick,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUOMBA WATU, MLIMA NA VITU VINGINE VIITWE KIWANDANI KWA MATENGENEZO

Nakusalimu kwa heshima zote. Natumaini wewe na wenzako hapo ofisini ni wazima kama basi langu, ambalo kwa mujibu wa barua yenu halina kasoro yoyote.

Kwa faida ya karani atakayefungua bahasha hii bila kujua habari zetu, nitaeleza kwa kifupi. Mwezi wa nne basi langu aina ya Bramwick, likitoka Kahama kuja Geita, lilikosa breki kwenye mteremko wa kuingilia Nyarugusu. Samahani, nimekosea. Mmeniandikia kwamba halikukosa breki; breki zilikuwepo, ila "hazikuitikia kwa wakati". Basi likiwa na breki hizo zisizoitikia, lilikuwa linaelekea moja kwa moja katikati ya gulio. Dereva wangu, Mihayo, akakata usukani, akaliingiza kwenye shamba la mihogo. Likapita mihogo, likapita banda la mbuzi, likajipigiza kwenye kichuguu na kusimama. Pale gulioni hakuguswa mtu. Ndani ya basi wengi waliumia, na mmoja, Mzee Januari wa hapa Kalangalala, alifariki pale pale. Nilimjua mzee huyo tangu nikiwa mtoto mdogo ninayekaa juu ya magunia dukani kwa baba, na mpaka leo sijazoea kupita mbele ya nyumba yake. Mihayo alivunjika mkono, na mkono ukiwa bado umefungwa plasta akatiwa mahabusu kwa shtaka la kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari.

Nikawaandikia kuomba msaada. Mkamtuma mhandisi wenu, Ndugu Marselino, akala wali wangu, akasifu achari, akapima hiki na kile, akarudi kwenu na kuandika taarifa. Nakala yake nimeisoma mara nyingi na imenifungua macho. Gari ni zima. Kibovu ni kila kitu kilicholizunguka. Basi kwa kuwa nimeelewa, sina tena dai lolote juu ya gari. Naomba tu kampuni, kwa moyo ule ule wa kuwajibika inaojisifia kwenye matangazo, ivichukue hivyo vitu vibovu ilivyovitaja, ivirudishe kiwandani na kuvitengeneza, kama ifuatavyo:

1. Mguu wa Mihayo. Taarifa inasema dereva "alikanyaga breki kwa nguvu na kwa kurudia-rudia, kinyume cha kitabu cha maelekezo". Sikatai, alikanyaga. Mihayo ni Msukuma, na jina lake kwa lugha ya kwao maana yake ni maneno, ingawa mwenyewe si msemaji. Akiona basi linawakimbilia watu, yeye hukanyaga breki kwanza, kitabu atakitafuta baadaye. Ni malezi mabaya. Naomba mguu wake wa kulia uitwe kiwandani, afungwe mwingine unaokanyaga mara moja tu na kwa adabu. Shida ni kwamba kwa sasa mguu huo uko mahabusu pamoja na mwenyewe, na askari wanasema haviwezi kutenganishwa.

2. Mteremko. Mmesema "haulingani na barabara ambako gari lilifanyiwa majaribio". Tunaomba radhi sana. Tumewauliza Wazinza, ambao ni wenyeji wa siku nyingi, ni nani aliyeuweka pale, na hakuna anayekiri. Cha ajabu ni kwamba mahali hapo hapo, ukitoka Nyarugusu kwenda Kahama, ni mlima, na Bramwick hupanda vizuri, wala hakuna aliyewahi kulalamika. Kasoro huonekana ukigeuka tu. Nilishauri watu wawe wanakwenda Kahama bila kurudi; wanawake walikataa, na baadhi ya wanaume walikubali haraka kiasi cha kunitia mashaka. Nikaona heri kilima chenyewe kiitwe. Wachimbaji wa Nyarugusu wako tayari kukichimba chote na kukipakia, kwa sharti moja, kwamba wakikutana na dhahabu humo ndani asiwepo mtu wa kuwauliza maswali. Mkishakilaza mkirudishe, maana mbuzi wa pale wamezoea kula majani juu yake.

3. Abiria. "Kelele za abiria zilimvuruga dereva." Hili nalo ni kweli tupu. Msukuma akishikwa na hofu humwita mama yake, "Mayu!", hata awe na mvi kichwa kizima, na basi zima likimwita mama kwa wakati mmoja hiyo ni kelele. Euphrasia, muuza dagaa, ambaye tangu siku ile anatembelea mkongojo, amekiri mbele yangu kwamba yeye alimwita mama yake, akamalizia na wa mumewe, ambaye hawasemezani. Nimeshaanza kuwarekebisha. Jirani yangu Dilip ana basi kama langu, na kila asubuhi kabla halijaondoka abiria wake wanafumba macho, utingo wangu Selestine anapiga bati kwa nyundo, nao wanatakiwa kukaa kimya kama wako kanisani. Bado hawajaweza. Wakatoliki wanafanya vizuri kidogo kuliko sisi Waislamu, lakini wachimbaji wa dini zote wanatuangusha. Naona hawa nao hawana budi kuja kiwandani.

4. Kalenda. Mmesema mzigo juu ya basi "ulizidi wa kawaida". Kulikuwa na mchele wa Kahama, vitanda vya bibi harusi mmoja na cherehani. Sasa, siku niliyochukua gari mlinipa kalenda, na bado imetundikwa dukani ingawa mwaka wake ulikwisha zamani. Picha ni ya basi kama langu limebeba mzigo mrefu kuliko lenyewe, juu kabisa amekaa mtu anacheka, na chini yake mmeandika: MZIGO WOWOTE, MLIMA WOWOTE. Nimeisoma upya kwa miwani na kuona kosa ni langu. Mliandika mlima, hamkuandika mteremko. Hata hivyo kalenda iitwe ikaongezewe neno hilo, na yule anayecheka aitwe pia, kwani ningependa kujua kama aliwahi kufika chini. Nitaifunga vizuri na kuituma kwa posta.

5. Gogo. Selestine niliyemtaja ni mtu mzima mwenye wajukuu. Basi likisimama mlimani, kazi yake ni kuruka chini na kuweka gogo la mkwaju nyuma ya tairi, kama wanavyofanya matingo wote wa huku. Ndugu Marselino ameandika kwamba "desturi ya gogo huzifanya breki zitegemee msaada". Yaani breki zimedeka. Nimelea wadogo zangu wanne na nilidhani najua kudeka, lakini breki sikuwa nimezifikiria. Naomba tu kusema kwa upole kwamba katika gari lote hilo, gogo ndilo kifaa pekee ambacho hakijawahi kushindwa kazi, na ndicho pekee ambacho hamkukitengeneza nyie. Hili msiliite kwa matengenezo. Liiteni likawafundishe wenzake, Selestine atalisindikiza.

6. Kuitwa kwenyewe. Hili ndilo linaloniuma, kwa hiyo nitalisema bila kuzunguka. Dada yangu Shirin anaishi Uingereza. Ameniandikia kwamba huko mabasi ya aina hii hii, ya toleo hili hili, yameitwa yote kiwandani kwa tangazo la gazetini, kwa sababu bomba la mafuta ya breki limepita karibu mno na fimbo ya usukani. Dereva akikata kona nyingi bomba linasuguliwa, linachubuka, mwisho linapasuka. Barabara ya Kahama na Geita ni kona tupu. Nikawauliza. Mkajibu mstari mmoja: "Magari ya eneo lenu hayakuitwa."

Ndugu Meneja, huku kwetu kuna harusi na kuna matanga, na watoto wa tumbo moja wakiitwa wote akaachwa mmoja, ukoo mzima hukaa kikao kuuliza huyo amekosa nini. Nimelala chali chini ya basi langu, mwanamke wa umri wangu, na fundi akanimulikia taa. Bomba limepita pale pale. Limepasuka pale pale. Ingekuwa mmeniambia kwamba shingo za watu wa Uingereza ni laini kuliko za watu wa Geita, angalau ningejua mnafikiri nini.

Maana kuitwa, tumeitwa. Mihayo ameitwa na mahakama, na kesi yake itaitwa tena Jumatatu. Mzee Januari ameitwa na Mwenyewe, na kwake Yeye hatuna rufaa. Mama Sikujua, mke wa Mihayo, kila asubuhi anakuja dukani, ananiamkia shikamoo, halafu haombi chumvi wala sabuni. Anauliza kama Bramwick wamejibu. Nikimwambia bado, anasema haya Bi Rehmat, anaondoka. Jana hakuuliza. Alisimama tu akaitazama kalenda yenu mpaka wateja wakaanza kunong'ona, nikaingia stoo nikalia. Kinachoweza kumrudishia mumewe ni ukurasa mmoja kutoka kwenu, wenye muhuri, unaosema bomba lile lina kasoro. Wakili wake anasema bila huo Mihayo atafungwa, na atafungwa miaka. Lakini kasoro haipo, mmekwisha sema, nami nimekwisha kubali.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ikiwa magari ya huku hayawezi kuitwa, tuiteni sisi. Iteni Geita yote, muongeze na Kahama. Tumeshajipanga kwa zamu: madereva watatangulia, watafuata abiria, kisha wajane, na walalamikaji tutafunga msafara nikiongoza mimi. Mtufunge miguu ya adabu, vinywa visivyo na mama, na shingo za chuma, mturudishe tukiwa tunalingana na gari. Usafiri usiwasumbue akili. Tutapanda treni pale Shinyanga, kwa sababu waliotengeneza treni sijasikia wakiilalamikia reli. Tutakuja na chakula chetu.

Nifikishie salamu kwa wote hapo: kwa walinzi wa getini, kwa mhasibu, kwa karani wa mashine ya kupiga chapa ambaye neno "hayakuitwa" amelipiga bila kosa hata moja, na kwa Ndugu Marselino na nyumba yake yote. Dilip na mkewe Nirmala wanawasalimu. Selestine anawasalimu. Euphrasia anawasalimu na kuuliza kama mna dawa ya goti. Mama Sikujua nilimwambia nawaandikia, hakutuma salamu.

Ndimi mteja wenu, niliye tayari kutengenezwa wakati wowote,

Rehmat Ebrahim

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha gundisha bahasha, nimelazimika kuichana. Dilip amepita hapa na dereva wake, Ignas, ambaye siku ya majaribio ndiye aliyemwendesha Ndugu Marselino kwa basi la Dilip, kwa kuwa langu lilikuwa bado limelala kichuguuni. Nikamsomea Ignas ukurasa wa mwisho wa taarifa, pale mhandisi wenu alipoandika: "Niliteremka mteremko wote wa Nyarugusu bila tatizo lolote." Nilidhani atabisha. Akasema ni kweli kabisa, Bi Rehmat, aliteremka.

Walipofika juu, anasema Ignas, Ndugu Marselino alitazama chini kwa muda, akaomba gari lisimame. Akachukua mkoba wake, mwavuli wake na chupa yake ya chai, akasema sehemu iliyobaki inapimika vizuri zaidi kutokea nje, akateremka. Aliteremka garini, kisha akateremka mlima, kwa miguu, viatu mkononi, na wauza mihogo wa pale chini wakampa pole. Ignas aliamriwa asiachie breki ya mkono wala Selestine asiondoe gogo mpaka yeye awe amefika, na awe amekaa pembeni, upande wa pili wa mtaro. Selestine, ambaye nilikuwa nimemwazima Dilip siku hiyo, anasema hakuona sababu ya kunieleza, alidhani ndivyo wahandisi wanavyopima.

Kwa hiyo nafuta yote niliyoandika hapo juu, isipokuwa salamu. Gari ni bovu, nyie mnajua, na mtu wenu alijua vizuri kuliko wote. Wakili anakwenda kesho kumwomba hakimu amwite Ndugu Marselino atoe ushahidi. Hataulizwa habari za bomba wala fimbo ya usukani. Ataulizwa kwa nini aliteremka. Ajiandae vizuri kwa swali hilo, kwa sababu Mihayo alikuwa na mlango ubavuni mwake, karibu kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya basi lile, na hakuteremka.