Nilitaka Kuvua, Nikavuliwa

Jamani, leo sina uso wa kumtazamia mtu. Nimeumbuka mbele ya wakwe. Na wala si wakwe kamili, ni watu waliokuja kututazama kwa mara ya kwanza.

Mwajua kwamba mwezi ujao nakwenda Marekani kwa binamu yangu Hafidh. Anaishi upande wa jangwani. Jangwa lenyewe limepasuka likafanya bonde refu, kuta zake nyekundu zimesimama juu kuliko maghorofa, na chini kabisa kinapita kijito chenye samaki. Alinitumia picha. Nimeitazama picha ile kazini, kwenye treni, kitandani. Tangu siku hiyo mimi na Hafidh hatuna mazungumzo mengine. Asubuhi tunapanga ndoano, jioni tunapanga hema tulifunge wapi na kama huko kuna nge. (Wapo. Ameniambia nikung'ute viatu.)

Mke wangu, Mama Nasra, ana hoja yake.

"Mtu mzima atoke Ilford, apande ndege, akavue jangwani?"

"Kuna kijito."

"Na hapa Uingereza maji yamekwisha?"

Asiyeona uzuri wa jabali huwezi kumwonesha kwa maneno.

Sasa, maji ya kijito kile ni theluji iliyoyeyuka milimani, na samaki wake huvuliwa kwa kusimama ndani ya maji, si ukingoni. Kwa hiyo panatakiwa ovaroli la mpira. Ni suruali inayopanda mpaka kifuani, buti zimeungana humo humo, na mikanda mabegani. Nikanunua la mtumba mtandaoni. Kijani kibichi. Limefika jana.

"Lijaribu kwanza, kaka," Hafidh akaniambia kwa simu. "Jaza hodhi la kuogea, ingia, kaa. Ukitoka mkavu, njoo nalo. Ukitoka umelowa, litupe."

Leo mchana nikaona nafasi ndiyo hii. Alasiri tulikuwa na wageni. Kuna kijana anaitwa Idrisa, anafanya kazi pamoja na binti yangu Nasra, wanapendana, na leo alikuwa anawaleta baba yake na bibi yake tujuane. Mama Nasra yuko jikoni tangu asubuhi. Mimi nilipewa kazi moja tu: nioge, nivae kanzu. Nikasema, si bafuni naingia vile vile?

Nikajaza hodhi. Nikavaa ovaroli juu ya fulana na suruali ya kulalia, nikakaza mikanda mpaka mwisho. Nikaingia. Mkavu. Nikakaa. Mkavu. Raha niliyoisikia sina la kuifananisha nayo. Nikafumba macho, nikajiona nimo bondeni, kuta nyekundu kulia na kushoto, jua la jangwa usoni. Nikajinyoosha, nikalala chali kidogo.

Maji yakaingia kifuani. Yote.

(Ovaroli lile ni hodari wa kuzuia maji, hata yanayotaka kutoka.)

Nikainuka kwa shida. Kila mguu umejaa maji mpaka juu ya goti, mzito kama gunia la mchele. Nikajaribu kufungua vifungo vya mabegani. Havifunguki. Nikavuta huku, nikavuta kule, nikasoma Bismillahi, nikavuta tena. Na kengele ya mlango ikalia.

Waswahili gani hawa wanafika kabla ya saa?

"Baba Nasra, wageni hao," mke wangu akaita kutoka chini.

"Nakuja."

"Uje sasa hivi, usinifedheheshe."

Kanzu ilikuwa inaning'inia mlangoni. Nikaivaa juu ya ovaroli, nikavaa kofia, nikajitazama kwenye kioo. Nikaona mtu mnene kidogo, mwenye heshima zake. Nikashuka. Kila ngazi niliyokanyaga ilisema chwaa.

Sebuleni wamekaa Bi Zuwena, bibi yake Idrisa, na mwanawe Bwana Khelef, baba wa kijana. Idrisa mwenyewe kajikunyata pembeni kama mtu aliyekuja kung'olewa jino. Nasra anapitisha sambusa. Mama Nasra akaona ncha ya buti chini ya kanzu, tena ndani, juu ya zulia, nyumba ambayo hata fundi wa bomba huvua viatu mlangoni. Akanitazama tazama ile mnayoijua mliooa.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia Bi Zuwena.

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema?"

"Ngazi, mama."

Nikakaa karibu yake kwenye sofa jipya. Nilipokaa, nikasikia mshono unaachia. Polepole, trrr. Na kati ya mishono yote ya ovaroli lile, ulioachia ni ule wa katikati ya miguu.

Bwana Khelef alikuwa ameshaanza maneno yake kwa mbali, kama ilivyo ada. Jinsi alivyomlea kijana wake. Jinsi walivyosikia sifa za nyumba hii. Mimi naitikia kwa kichwa, na chini baridi inatambaa. Kwanza ikalowa kanzu. Kisha sofa. Kisha tone likaanguka kwenye zulia, tup. Likafuatiwa na wenzake.

Maneno ya Bwana Khelef yakapungua, yakapungua, yakakatika. Akainua macho akatazama dari. Nasra akasimama na sinia mkononi, akasema, "Dad," halafu Kiingereza chote kikamwishia.

Bi Zuwena akanishika mkono. Sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa.

"Usione haya, mwanangu. Marehemu mume wangu naye yalimpata, na alikuwa mdogo kuliko wewe." Akamgeukia mjukuu wake. "Idrisa, msindikize ami yako chooni."

Hapo ikawa nichague. Ninyamaze, binti yangu aolewe na watu wanaojua kwamba baba yake hajizuii, au niseme kweli. Nikasimama. Nikapandisha kanzu mpaka kifuani.

"Baba Nasra, nakuomba," mke wangu akasema, amejifunika macho.

"Ni ovaroli," nikasema. "La kuvulia samaki. Jangwani."

Bi Zuwena akaanza kutikisika mabega. Akacheka mpaka akavua miwani, akacheka mpaka akamwegemea mke wangu, na mke wangu, ambaye nilitaraji ataniua, akacheka mpaka akakaa chini.

Nikalazwa kwenye zulia. Mama Nasra akakata mikanda kwa mkasi wa jikoni. Bwana Khelef akashika mguu mmoja, Idrisa mwingine. Nikaona baba wa binti hapati tena wasaa kama huu wa kumhoji kijana.

"Idrisa, unamtaka kweli binti yangu?"

"Ndiyo, ami."

"Na haya uliyoyaona?"

Akafikiri. "Bado namtaka, ami."

"Basi vuta."

Akavuta. Ovaroli likatoka kwa kishindo, na maji yake, na suruali yangu ya kulalia ndani yake. Kanzu niliwahi kuishusha. Nadhani niliwahi. Hakuna aliyenithibitishia.

Baada ya hapo, wallahi, mambo yakaenda kama yamepakwa mafuta. Tumekula, tumekunywa chai, Nasra na Idrisa wameachiwa wacheke watakavyo. Bwana Khelef ameomba kuiona picha ya bonde. Akaitazama sana, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kwenye hema kuna nafasi. Posa yenyewe italetwa rasmi wiki ijayo, na mimi nimeagizwa nivae suruali ya kitambaa.

Naandika haya nimejifunika blanketi, na nawaombeni kwa heshima zenu msicheke. Maana dada yangu amenipigia sasa hivi kutoka Pemba. Habari zimeshamfika kwamba nimejikojolea mbele ya wakwe, na anauliza anitumie dawa au nimeshamwona daktari. Nikamweleza yote: ovaroli, kijito, samaki wa jangwani, hodhi la kuogea.

"Ewe Mola," akasema. "Kumbe na kichwani kumeshakuanza."